Mume wangu hataki tuutoe mti wa Krismasi wa marehemu mama yake, nami nahofia watoto

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume ambaye ndio kwanza ameanza kutambaa. Nimeolewa na mume mwema, sina la kumlaumu katika malezi wala matunzo, lakini siku hizi hatusemezani vizuri na chanzo ni mti wa Krismasi. Najua wapo watakaoona ni jambo dogo. Ndani ya nyumba yetu si dogo hata kidogo.

Mti wenyewe ni wa plastiki. Mama mkwe aliununua mume wangu akiwa hajaanza shule, na tulipofunga ndoa akatukabidhi sisi, maana sebule yetu ilikuwa kubwa kuliko yake na kila sikukuu alikuja kukaa nasi. Ni wa ile aina ya zamani ambayo kila tawi linachomekwa peke yake kwenye nguzo ya katikati. Vikonyo vya matawi vimepakwa rangi ili ujue lipi linakaa safu ipi: nyekundu chini kabisa, kisha bluu, kisha njano, na nyeupe juu. Rangi nyingi zimeshafutika, ila mume wangu anayajua matawi yote kwa kuyashika tu. Yaliyolegea mama mkwe aliyafunga kwa uzi wa kushonea, wa kijani, vifundo vidogo vilivyokazwa vizuri kiasi kwamba huvioni mpaka usogeze macho.

Mama alifariki mwaka huu, na hii ndiyo Krismasi ya kwanza bila yeye. Nami nilimpenda, shangazi. Alinipokea kama binti yake, na nilipojifungua mtoto wa kwanza ndiye aliyekesha nami.

Juzi tulilishusha boksi kutoka darini. Nilipolifungua nikakuta chini yake kuna unga wa kijani unaoelekea manjano, umechanganyika na majani yaliyokatikakatika. Nilishika tawi moja, viganja vikabaki na vumbi, na boksi zima linanuka uvundo. Binti yangu ana pumu. Mwaka jana, tangu mti uliposimamishwa hadi ulipotolewa, alikuwa akikohoa usiku. Huyu mdogo naye, kila anachokiokota sakafuni kinaishia mdomoni. Siku ileile nilimtoa kipande cha jani la plastiki ulimini.

Usiku nikaingia kwenye intaneti, nikasoma kwamba miti bandia ya zamani ina madini ya risasi na kwamba risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Sikupata usingizi. Asubuhi nikamwambia mume wangu mti huu sasa umefika mwisho, tununue mwingine. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Umekaa humu miaka yote hiyo, leo ndio umekuwa sumu? Mama alitulea na mti huuhuu na sote ni wazima." Nilipoendelea kumweleza alilifunga boksi, akalibeba na kuliweka chumbani kwetu, upande wake wa kitanda. Mpaka leo lipo pale.

Taa zake nazo ni za zamani, zile za balbu ndogondogo zinazopata moto, na waya umefungwa tepu sehemu mbili tatu. Hilo sijalitaja kabisa, maana nilihofia ataona natafuta sababu.

Kabla sijajua la kufanya, wifi yangu akanipigia simu. Sijui alielezwa nini. Aliniambia, "Kaburi la mama halijakauka, wewe umeshaanza kutupa vitu vyake." Akasema kama mimi siutaki atakuja kuuchukua yeye, na yeye pia ana mtoto mdogo.

Kuna wakati nafikiria niutoe mume wangu akiwa kazini, akirudi nimwambie ulivunjika. Moyo unakataa. Lakini nikimwona mtoto anatambaa kuelekea chumbani, moyo huohuo unaniuliza nangoja nini. Naona kama mume wangu ameuweka mti mbele ya watoto wake, na wazo hilo linaniumiza kuliko mti wenyewe.

Naomba unisaidie. Nitajuaje kwa hakika kwamba mti umefika mwisho? Na kama umefika, nimwambieje mume wangu bila kumvunja moyo?

Mama wa Wawili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nakupa pole wewe mwenyewe kwanza, kwa sababu katika barua yako yote unazungumzia kufiwa kwa mumeo, na yako umeitaja kwa mistari miwili tu. Mama aliyekesha nawe ulipojifungua ni mama yako pia. Usijiweke pembeni katika msiba huu ukawa mtu wa kushughulikia vumbi peke yake.

Nikikuelewa vizuri, una mti uliochakaa unaokutia hofu kwa ajili ya watoto, mume anayeushikilia kwa sababu ya mama yake, na wifi aliyekwisha kukuhukumu kabla hajasikia upande wako. Yote matatu yameingia kwenye boksi moja, na kila mnapojaribu kuzungumzia mojawapo yanatoka yote kwa pamoja. Mumeo anaposikia "mti umefika mwisho", nadhani anachosikia ni kwamba mama amefika mwisho. Wewe unaposikia "sote ni wazima", unasikia kwamba kifua cha binti yako si kitu. Sidhani kama kuna mmoja wenu aliyekusudia hivyo.

Kwa hiyo ngoja niulize kidogo kuhusu lile wazo linalokuumiza, kwamba ameuweka mti mbele ya watoto. Habari ya risasi ulikuwa umeisoma usiku kucha. Yeye aliipokea asubuhi, kwa mara ya kwanza, pamoja na uamuzi uliokwisha kufikiwa. Boksi hilo ndilo la kwanza kufunguliwa tangu mama afariki. Mwanamume aliyelibeba akaliweka kando ya kitanda chake huenda hajapima chochote dhidi ya watoto wake. Huenda alitaka tu kulala karibu na kitu cha mama yake. Simtetei, maana naye ana wajibu wa kukusikiliza, ila naomba ulishike wazo hilo kwa mkono mlegevu mpaka utakapomuuliza mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mti, kwa kuwa hofu yako ina msingi, na kwa kuwa pia imebeba vitu viwili tofauti ambavyo ni vizuri kuvitenganisha.

Miti mingi bandia hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, aina ileile ya mabomba ya maji. PVC peke yake haistahimili joto na mwanga, hivyo viwanda huichanganya na kemikali za kuiimarisha, na kwa miaka mingi mojawapo ilikuwa risasi. Plastiki ikizeeka, hasa ikikaa sehemu yenye joto kali kama darini au ikipigwa na jua dirishani, hukauka na kuvunjikavunjika, na kilichokuwa ndani yake hutoka kama vumbi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jambo hili katika Journal of Environmental Health. Walihitimisha kwamba mti wa kawaida hauleti hatari kubwa ya risasi, lakini kwamba katika hali mbaya zaidi watoto wadogo wanaweza kudhurika kweli. Hitimisho hilo lina pande mbili, na ninyi wawili mmegawana: mumeo ameshika upande wa kwanza, wewe umeshika wa pili.

Mtaalamu yeyote angeniuliza mambo matatu kuhusu mti wenu: una umri gani, ulihifadhiwa wapi, na nani yuko sakafuni. Umri wake ni zaidi ya miongo miwili ukihesabu tangu mumeo hajaanza shule. Umehifadhiwa darini. Na sakafuni yuko mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Hii ndiyo sababu hoja ya "sote ni wazima" haitoshi, mwanangu. Mti uliomlea mumeo ulikuwa mpya, laini, na haukuwa ukitoa unga. Mti ni uleule, lakini plastiki yake si ileile.

Hata hivyo huwezi kujua kwa macho kama unga ule una risasi. Plastiki ya zamani isiyo na risasi nayo hukauka na kubadilika rangi. Maabara ndiyo inayoweza kusema: unapeleka kipande cha tawi na vumbi kidogo, wanapima. Vile vipimo vya kujipimia nyumbani kwa kupaka na kuangalia rangi siviamini sana kwa jambo zito kama hili, kwani vinaweza kukutuliza bure au kukutisha bure. Na kuna kipimo kingine ambacho hakihusiani na mti hata kidogo, nacho ni cha damu ya mtoto. Mtoto alikuwa na kipande mdomoni. Mweleze daktari hivyohivyo na umuulize kama kuna haja ya kupima kiwango cha risasi. Kipande kimoja hakimaanishi kwamba ameshadhurika, na sikuambii haya ili ukose usingizi tena. Jibu la daktari litawasaidia wote wawili kuongea mkiwa na kitu mkononi badala ya kilichosomwa usiku.

Binti yako ni suala jingine. Risasi haimkohoshi mtu usiku. Mti uliokaa darini mwaka mzima, ukasimamishwa bila kufutwa, hubeba vumbi, na palipo na unyevu hubeba kuvu. Uvundo ulioutaja unanielekeza huko zaidi. Kwa mtoto mwenye pumu hayo yanatosha kabisa kumkera kifua. Lakini msimu wa sikukuu una mengine pia: mishumaa, manukato, wageni wenye mafua, madirisha yaliyofungwa. Alikohoa mti ukiwepo, ndiyo, ila huenda mti ulikuwa na wenzake. Nalisema kwa sababu mkiuondoa huu na kuleta mpya mkauhifadhi darini vilevile, baada ya misimu michache mtarudi palepale.

Umeniuliza utajuaje kwa hakika. Usitazame miaka. Inasemwa mara nyingi kwamba mti bandia hudumu kati ya miaka sita na kumi, lakini upo unaochakaa mapema kwa kutunzwa vibaya, na upo unaopita hapo ukiwa mzima. Tazama majani yenyewe. Kudondosha majani peke yake si dalili ya mwisho. Hata mti mpya humwaga vipande vilivyobaki kutoka kiwandani unapokunjuliwa mara ya kwanza. Chukua jani moja ulipinde kwa kucha. Likiinama na kurudi, plastiki bado ina uhai. Likikatika kwa mlio mdogo kama kitu kikavu, imekwisha. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholowa, upitishe polepole kwenye tawi moja ukiwa nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Vumbi la kawaida ni la kijivu, na kwenye tawi lililofutwa vizuri halirudi hapohapo. Kitambaa kikiendelea kutoka na kijani au manjano kila unapofuta, basi ni plastiki yenyewe inayosagika, na hapo hakuna usafi utakaoizuia, maana utakuwa unafuta mti wenyewe kidogo kidogo. Angalia pia waya wa ndani wa matawi kama umeshika kutu, na kitako kama bado kinasimama imara, kwa sababu mti unaoyumba na mtoto anayejishikilia ili asimame havikai chumba kimoja.

Kwa jinsi ulivyoeleza ule unga chini ya boksi, sitashangaa kitambaa kikitoka na rangi. Ila natamani kitambaa hicho akishike mumeo. Anayajua matawi kwa mikono yake, kwa hiyo mikono hiyohiyo itajua mabadiliko kabla ya maneno yako. Mkimaliza mnawe kwa sabuni, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kutupwa, na sakafu ipigwe deki kwa maji. Usifagie unga ule ukiwa mkavu, kwani ufagio huurusha hewani.

Kuhusu taa sitazunguka. Waya uliofungwa tepu usichomekwe kwenye umeme, iwe mti unabaki au unaondoka. Balbu zile ndogo hupata joto, na tepu hulegea inapopata joto. Hapo hamna cha kuvutana, kwa sababu taa si mti. Taa mpya za LED hazichomi, zinatumia umeme kidogo sana, na zinaweza kuwekwa kwenye mti wowote ule, hata huo wa mama. Ulihofia ataona unatafuta sababu. Mimi naona hili ni jambo mnaloweza kukubaliana kwa dakika chache, na watu waliokubaliana juu ya moja huwa laini kidogo kwa la pili.

Njia zilizo mbele yenu ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Mnaweza kuubakiza: muufute vizuri nje, muuweke mahali mtoto hafiki, mbali na dirisha la jua na chochote chenye moto, na mdeki chini yake kila siku. Kama jani bado linainama na kitambaa kikatoka safi, wapo wengi wanaofanya hivyo. Kama plastiki inasagika, hapo mtakuwa mnategemea kwamba kwa majuma yote hayo mtoto hatapita hata mara moja. Wewe ndiye unayekaa naye sakafuni, kwa hiyo unajua ahadi hiyo ina uzito gani.

Mnaweza kungoja maabara. Ubaya wake ni muda. Sikukuu inaweza kufika kabla ya majibu. Uzuri ni kwamba mumeo hatabaki maisha yake yote akijiuliza kama mti wa mama uliondolewa kwa hofu tu. Msimu mmoja bila mti, au na tawi bichi kwenye chombo cha maji, haujawahi kuvunja nyumba ya mtu, ingawa binti yako atahitaji kuelezwa.

Mnaweza kuustaafisha na kubakiza sehemu yake. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi nikisoma barua yako, kwa sababu ya ule uzi. Watu huacha mashati, barua na picha, lakini mama mkwe wako aliacha vifundo vyake. Tawi moja lenye fundo linaweza kuwekwa kwenye chupa ya kioo iliyozibwa sawasawa au kisanduku cha picha chenye kioo mbele, likae ukutani mwaka mzima na si Desemba peke yake. Nyota na mapambo ya kioo au chuma ambayo hayajachubuka yanafutika na kuhamia kwenye mti mwingine. Theluji bandia ya kunyunyiza msiihifadhi kama ni ya zamani za mama yake mama, kwani kuna iliyotengenezwa miaka ya 1930 na 1940 kwa asbestosi, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu. Kwa umri wa mti wenu sidhani kama linawahusu. Hatari ya njia hii ni kuiharakisha. Ukimpelekea mumeo wazo la chupa ya kioo kabla hajalia, ataona umeshapanga kila kitu. Likitoka kwake litakuwa na thamani nyingine kabisa.

Mnaweza kumpa wifi. Litapunguza maneno, lakini unga utahamia kwenye sakafu nyingine yenye mtoto mwingine. Sidhani kama ungelala vizuri zaidi. Na jambo hili la wifi, mwanangu, lingefaa lisemwe na kaka yake. Wewe ukimweleza habari za risasi atasikia mke wa kaka yake akijitetea. Kaka yake akimwambia "nimeshika kitambaa mwenyewe", atasikia kaka yake. Naye amefiwa na mama, na nadhani ile simu ilikuwa kilio zaidi kuliko shutuma, ijapokuwa ilikuchoma.

Mkiamua kununua mpya, usidhani mpya maana yake ni salama moja kwa moja. Miti mingi bado ni ya PVC. Ipo pia ya poliethilini, ambayo majani yake humiminwa kwenye kalibu na yanafanana zaidi na ya mti halisi, nayo haihitaji dawa zile za kuiimarisha PVC. Soma lebo. Mti ukiwa na harufu kali ya plastiki, ukae nje au penye hewa kwa muda kabla ya kuingia ndani. Na nunueni mnaokusudia kukaa nao. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti bandia wa mita mbili hubeba kilo 40 hivi za hewa ya ukaa, na unahitaji kutumika miaka kumi au zaidi ndipo uwe na nafuu kuliko kununua mti halisi kila mwaka. Kwa hesabu hiyo mama mkwe wako alifanya vyema sana. Uzi ule wa kijani uliokoa miti kadhaa ambayo ingetengenezwa, na hilo mumeo anastahili kulisikia kutoka kwako.

Chochote mtakachoamua, msiuchome moto. Najua wapo wanaoona kuchoma ni heshima kuliko kutupa, lakini PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu, na juu yake dioksini, kemikali zenye sumu kali. Waya na plastiki vimeshikana, kwa hiyo urejelezaji wake ni mgumu. Ulizeni wanaoshughulikia taka namna wanavyoupokea, na uende umefungwa kwenye mfuko.

Lile la kuutoa akiwa kazini, moyo wako umeshalijibu, nami sina la kuongeza isipokuwa kwamba naelewa kwa nini liliingia.

Sasa utamwambiaje. Nisingeanza na sumu. Ningemwomba anisimulie: mama aliununuaje, nani alikuwa akiweka nyota, lini alianza kufunga uzi. Msikilize mpaka amalize, hata kama ni usiku mzima. Halafu, labda si usiku huohuo, umwambie ulilonalo kama lilivyo: "Nampenda mama, na naogopa. Nilimtoa mtoto jani mdomoni. Sitaki tuamue leo. Nataka tuutazame pamoja, mimi na wewe." Anaweza kukataa. Anaweza kukasirika tena. Akikataa bado una la kufanya bila kuvunja chochote: miadi na daktari, na ombi dogo kwamba boksi lifungwe ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki na lipandishwe juu ya kabati, humohumo chumbani kwake, mpaka mtakapokuwa tayari. Halijatupwa, na mtoto halifikii. Kama hata hilo atalikataa, basi tatizo limeshapita mti, na ningependa mumtafute mtu mzima anayemheshimu au mshauri wa wafiwa akae nanyi wawili.

Nikiwa mahali pako ningeanza na mfuko huo leo, na simu ya daktari kesho asubuhi. Majibu yakitoka, na mkishakaa na kuongea, niandikie tena. Ningependa kujua pia kifua cha binti yako kinaendeleaje.

Shangazi